Usimfiche Daktari Sukari Yako

Hapa Mwembesongo mtu akisema "nina sukari" hakuna anayeshtuka tena. Sokoni, kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, hata kwenye mazoezi ya kwaya, utamwona mama akitoa kidonge mkobani na mwenzake akimwuliza, "Wewe wamekupa kipi?" Mkoa wetu wa Morogoro ndio wenye viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa, na watu hutania kwamba tumeilima sukari mpaka imetuingia kwenye damu.

Zamani haikuwa hivyo. Miaka ya 1980 watafiti walipowapima watu katika vijiji vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, waliokuwa na kisukari hawakufika mtu 1 katika kila 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu watu 9 katika kila 100 kati ya wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Maana yake ni kwamba siku hizi mtu akipata ugonjwa mwingine wowote mkubwa, si ajabu sukari ikawa imemtangulia mwilini. Ndivyo ilivyokuwa kwa dada yangu mkubwa. Alikuwa ameishi na sukari miaka 9 alipoambiwa, mwaka 2024, kuwa ana uvimbe kichwani na kwamba hana budi kupasuliwa.

Mpenzi msomaji, siandiki haya ili kukutisha. Naandika kwa sababu katika kumuuguza nimejifunza jambo ambalo kila mama anayemtunza mgonjwa nyumbani angefaa alijue mapema: sukari ambayo madaktari wanaijua, wanaweza kuishughulikia. Ile waliyofichwa ndiyo inayowakuta hawajajiandaa.

Kila dalili ilipewa jina la sukari

Dada yangu ana miaka 54. Ni mama wa watoto wanne, na huuza ndizi na maparachichi yanayoshushwa mjini kutoka milima ya Uluguru. Mwanzoni mwa mwaka ule alianza kuumwa kichwa alfajiri. Alikuwa akiamka anatapika kabla hata ya kunywa chai, kisha jua likipanda anapata nafuu na kwenda sokoni. Macho nayo yakafifia. Alibadilisha miwani, haikusaidia. Kila aliyemwona alisema, "Ni sukari hiyo, imepanda." Na kwa kuwa sukari kweli hufifisha macho na kuchosha mwili, jibu hilo lilimtosha kila mtu, hata yeye mwenyewe.

Baadaye mkono wa kushoto ukaanza kulegea. Alikuwa akiangusha vikombe. Jioni moja ya mwezi Agosti alianguka jikoni, mwili ukakakamaa na kutetemeka, naye hakujua lolote mpaka alipozinduka. Mtu mzima ambaye hajapata kuwa na kifafa akianguka namna hiyo, yafaa kichwa chake kichunguzwe. Alipigwa picha ya CT, ikaonyesha uvimbe wa ukubwa wa limau ndani ya fuvu, upande wa kulia.

Tuliambiwa huenda ni meninjioma, yaani uvimbe unaoota kwenye utando unaoufunika ubongo. Ni aina inayoonekana sana miongoni mwa vivimbe vinavyoanzia kichwani. Huwapata zaidi wanawake kuliko wanaume, na mara nyingi si saratani. Hilo lilitupa faraja. Hata hivyo fuvu ni chungu cha mfupa, halitanuki. Chochote kinachoota ndani yake huubana ubongo, kiwe saratani au kisiwe.

Neno la mjomba

Sisi Waluguru tunafuata ukoo wa mama, na jambo zito kama hilo haliamuliwi bila mjomba. Mjomba wetu alishuka kutoka Kinole, akakaa uani na kusikiliza habari yote bila kukatiza. Akakubali dada apasuliwe. Kisha akasema neno lililotunyamazisha.

"Huko Muhimbili msitaje habari za sukari. Wakijua, watamrudisha nyumbani. Mtu wa sukari kidonda chake hakifungi. Ni daktari gani atakubali kumchana kichwa?"

Mjomba hakusema kwa ubaya. Ndugu yake wa tumbo moja alikatwa mguu kwa kidonda cha sukari na hakumaliza mwaka. Alikuwa anajua anachokiogopa. Nilipogeuka kumtazama dada, niliona ameshavitoa vidonge vyake kwenye mkoba wa safari na kuvifunga katika ncha ya kanga.

"Mdogo wangu," akaniambia, "nimengoja vya kutosha. Wakiniandika sukari nitapelekwa mwisho wa foleni."

"Dada," nikamjibu, "damu yako wataichukua tu, na sukari wataiona. Tofauti ni kama wataijua wewe ukiwa macho, au wataijua kichwa chako kikiwa wazi."

"Na wakinikataa?"

"Wakikukataa, nitakaa pale pale mlangoni mpaka waniambie sababu."

Mjomba alinitazama kwa muda mrefu. "Basi wewe ndiye utakayekwenda naye," akasema. "Maneno hayo yabebe wewe."

Nikayabeba, nayo yalikuwa mazito. Usiku ule sikulala. Nilijiuliza ingekuwaje kama mjomba angekuwa na haki, na dada yangu akarudishwa Mwembesongo na uvimbe wake kwa sababu ya mdomo wangu.

Yaliyokuwa nyuma ya maswali ya daktari

Tulikwenda Dar es Salaam kwa treni mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar na Morogoro mwezi Juni mwaka huo huo. Dada asingeweza kustahimili mtikisiko wa basi. Rufaa yetu ilikuwa ya MOI, ile taasisi ya tiba ya mifupa na mishipa ya fahamu iliyopo Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996.

Nilipoingia kwa daktari niliweka mezani kila kitu: daftari la kliniki ya sukari, pakiti za metformini na glibenklamidi, na kopo la unga wa mlonge ambao dada alikuwa akiukoroga kwenye uji. Daktari hakushtuka. Akavisoma vyote, kimoja kimoja, akaandika. Kisha akamwuliza dada maswali yaliyotushangaza: pete ya ndoa bado inaingia kidoleni? Viatu vimeongezeka namba? Uso umebadilika ukilinganisha na picha za zamani?

Tulipouliza sababu, akatueleza kwamba wakati mwingine uvimbe wenyewe ndio unaoleta sukari. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya mbaazi, iitwayo pituitari. Ikiota uvimbe inaweza kumwaga homoni kupita kiasi, mikono na miguu ikanenepa, au mwili ukajaa uso na tumbo, na sukari ikapanda. Daktari mpasuaji wa Marekani, Harvey Cushing, alieleza ugonjwa mmoja wa namna hiyo mwaka 1932, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Wagonjwa kama hao wakitolewa uvimbe, sukari yao huweza kushuka. Dada hakuwa na dalili hizo. Yake ilikuwa sukari ya kawaida.

Nami nikauliza lile lililonikaba kooni tangu nyumbani: je, sukari inamzuia mtu kupasuliwa kichwa?

Jibu lake nililiandika kwenye daftari, na hapa nalieleza kwa maneno yangu. Sukari haifungi mlango wa chumba cha upasuaji, ila inaongeza hatari, na kila hatari ina njia yake ya kupunguzwa.

Hatari ya kwanza ni kidonda. Sukari ikiwa juu, askari wa mwili wanaopambana na vijidudu hulegea na ngozi huchelewa kuungana. Kidonda cha mguuni kikioza ni msiba, lakini cha kichwani kipo jirani na ubongo wenyewe. Ya pili ni kwamba ubongo uliokwisha kubanwa na kuvimba huumia zaidi damu yake ikiwa na sukari nyingi. Ya tatu ni mishipa, moyo na figo, ambavyo sukari ya miaka mingi huvichakaza kimya kimya, navyo ndivyo vinavyobeba mzigo mtu anapolazwa usingizi kwa saa nyingi. Damu huweza pia kuganda miguuni baada ya upasuaji. Kwa jumla wagonjwa wenye kisukari hupata matatizo zaidi baada ya kupasuliwa ubongo na hukaa hospitalini muda mrefu kuliko wenzao.

Hatari ya nne ndiyo iliyomfanya dada afungue ncha ya kanga na kunitazama. Ubongo ni kama sehemu 2 tu katika kila 100 za uzito wa mwili, lakini hula karibu sehemu 20 katika 100 za nguvu yote tunayotumia, na chakula chake kikubwa ni sukari ya kwenye damu. Hauna ghala la kutosha la kuiwekea akiba. Sukari ikishuka mno, ubongo huumia haraka. Mtu aliye macho atatetemeka, atatoka jasho, atasema "nasikia njaa." Aliyelazwa usingizi hawezi kusema neno. Glibenklamidi huendelea kushusha sukari kwa saa nyingi baada ya kumezwa. Mgonjwa akiimeza kwa siri alfajiri ya upasuaji huku tumbo likiwa tupu, daktari wa usingizi asiyejua chochote anaweza kumpoteza bila kuona dalili yoyote usoni mwake.

Hivyo kila dawa ina saa yake ya kusimamishwa. Nyingine huachwa siku ile ile. Zipo dawa za kisasa zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, ambazo husimamishwa siku 3 au zaidi kabla. Na dawa zetu za majani, kuanzia mlonge hadi vitunguu saumu vinavyomezwa kwa wingi, nazo zitajwe, maana baadhi hushusha sukari na nyingine huweza kuongeza kutoka damu. Mgonjwa asijipangie. Kazi yake ni kutaja kila kitu, na kazi ya daktari ni kupanga.

Je, walimkataa?

La hasha. Sukari yake siku ile ilikuwa 18. Walimpima pia kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi kama mitatu iliyopita, nao haukuwa mzuri. Kwa kuwa uvimbe wake ulikuwa wa kuota polepole na hali yake ilikuwa imetulia kidogo, walisogeza mbele upasuaji kwa siku 9, wakamlaza na kumwanzishia sindano za insulini. Tungeificha, siku hizo 9 zisingekuwapo.

Lakini si kila mgonjwa hupewa siku 9. Uvimbe ukiwa unaubana ubongo kiasi cha kuhatarisha uhai, madaktari hawangoji. Hushusha sukari kwa insulini ya mshipani huku wanajiandaa, na hupima tena na tena chumbani humo. Wote wawili hupasuliwa, tofauti ni muda wanaopata kujiandaa.

Jambo jingine lilinishangaza. Nilidhani madaktari wangetaka kuishusha mpaka ifike 5, kama ya mtu mzima asiye na ugonjwa. Hawakutaka. Walilenga iwe kati ya 6 na 10. Kumbe hilo lilijulikana kwa gharama. Mwaka 2009 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa mahututi zaidi ya 6,000, wengi wao kutoka Australia, New Zealand na Kanada. Nusu yao sukari ilibanwa sana iwe kama ya mtu asiye na kisukari, na nusu waliachiwa ifike hadi 10. Waliobanwa sana walikufa zaidi: karibu 27 na nusu katika kila 100, wakati wenzao walikuwa karibu 25. Ndiyo kusema kushusha mno nako ni hatari. Nilipoelewa hivyo niliacha kulalamika nikisoma 9 kwenye chati ya dada.

Dawa inayookoa ubongo na kupandisha sukari

Akina mama wenzangu, kuna dawa moja mtakayokutana nayo mkiuguza mgonjwa wa uvimbe wa ubongo. Inaitwa deksamethasoni, na wauguzi huiita deksa kwa kifupi. Madaktari wa Minnesota, Marekani, walitangaza mwaka 1961 kwamba inapunguza maji yanayojaa kuzunguka uvimbe wa ubongo. Dada alipoanza kuitumia, kichwa kilichomtesa miezi saba kilitulia kwa siku mbili tu. Akaomba chakula mwenyewe, na mkono ukapata nguvu kidogo.

Lakini deksa hupandisha sukari. Huliamuru ini litoe sukari zaidi na kuufanya mwili usiisikie insulini. Hata mtu ambaye hakupata kuwa na kisukari anaweza kukionja kwa mara ya kwanza akiwa kwenye dawa hii. Kwa mwenye kisukari tayari, ni kama kumwaga mafuta ya taa kwenye moto wa kuni. Sasa ufanyeje? Ukiiacha ghafla, ubongo unavimba, na mwili uliozoea dawa unaweza kuanguka kabisa. Kwa hiyo haiachwi kwa sababu ya sukari. Insulini ndiyo inayoongezwa.

Hapa nilijifunza jambo dogo lenye faida kubwa. Deksa ikinywewa asubuhi, sukari huwa juu zaidi mchana na jioni, na alfajiri inaweza kuonekana nzuri tu. Dada alikuwa akisoma 7 asubuhi na 19 saa 11 jioni. Sisi wengi tumezoea kupima asubuhi kabla ya chai na kushukuru. Mgonjwa aliye kwenye deksa apimwe na mchana na jioni, kama daktari atakavyoelekeza.

Ninalo neno pia kwa dada zetu wanaomeza deksa kwa siri ili wanenepe na kujaa mashavu. Dawa hiyo hiyo inayouziwa pembeni kama kidonge cha kunenepesha ndiyo hii. Inaweza kukuletea sukari, na siku ukihitaji upasuaji wowote, daktari asiyejua kwamba umeitumia muda mrefu hatajua kwa nini presha yako inaporomoka ukiwa usingizini. Kama umewahi kuimeza, sema. Aibu ya dakika moja ni nafuu.

Kufunga na kuomba

Habari za upasuaji zilipofika nyumbani, umoja wa akina mama kanisani kwetu ulitangaza siku tatu za kufunga na kuomba. Jirani yetu Mwislamu naye alituma ujumbe kwamba anamwombea dua. Upendo huo ulinitoa machozi. Lakini dada alitaka kufunga pamoja nao, kitandani pale, huku akichomwa insulini, na bila kumwambia muuguzi.

Nilimwambia, "Dada, wewe sasa insulini imo mwilini. Usipokula, itakula nini? Waache wenzako wafunge kwa ajili yako. Wewe kula kwa ajili yao." Akacheka, akala. Nasisitiza hili kwa sababu najua mioyo ya wanawake wenzangu. Mgonjwa wa sukari anayejiandaa kupasuliwa hutakiwa kukaa bila kula kwa saa alizopangiwa na hospitali tu, huku wakimpima na kumwongezea maji yenye sukari ikibidi. Saa hizo zinatosha. Asijiongezee nyingine kwa siri, hata kwa nia njema.

Alipasuliwa kwa muda wa saa karibu saba. Nilizihesabu zote kwenye benchi, na kanga yake yenye ncha tupu ilikuwa mapajani mwangu.

Usiku mmoja nyumbani

Wengi hudhani mtu akitoka hospitalini mambo yamekwisha. Kwetu, sehemu ngumu ilikuja baadaye.

Deksa hupunguzwa kidogo kidogo baada ya upasuaji. Nayo ikipungua, sukari iliyokuwa imepandishwa hushuka yenyewe. Insulini iliyomfaa mgonjwa wiki iliyopita inaweza kuwa nyingi mno wiki hii. Kwenye daftari letu tulikuwa tumeandikiwa kupima mara 4 kwa siku na kupiga simu ikishuka. Siku ya tatu baada ya deksa kupunguzwa, dada hakuwa na hamu ya kula. Alikunywa vijiko vitatu vya uji akalala.

Saa 8 usiku binti yake aliniamsha. Dada alikuwa amelowa jasho, anatetemeka, anasema maneno yasiyoeleweka. Aliniita kwa jina la marehemu mama yetu. Binti akaanza kulia kwamba uvimbe umerudi. Mtu akasema ni kifafa. Mwingine akasema tumwite mchungaji kwanza. Nikachukua mashine ya kupimia, nikamchoma kidole. Ikaandika 2.6.

Alikuwa bado anaweza kumeza, kwa hiyo nilikoroga vijiko vitatu vidogo vya sukari katika nusu glasi ya maji nikamnywesha taratibu. Tukangoja dakika 15, nikapima tena: 4.9. Akanitazama na kuniuliza, "Mbona mmejaa humu ndani?" Tukampa ndizi na maziwa, na asubuhi tukapiga simu, kipimo cha insulini kikapunguzwa. Sukari ikiwa chini ya 4, ndivyo inavyofanywa: sukari kidogo, dakika 15, kupima tena, kisha chakula. Mgonjwa aliyezimia au asiyeweza kumeza asinyweshwe kitu, maana kitaingia kwenye mapafu. Akimbizwe hospitali mara moja.

Fikiri, mama mwenzangu, kama nyumba ile isingekuwa na mashine. Dalili zote zilifanana na zile za ugonjwa wa kichwa alioupasuliwa. Kuchanganyikiwa, kutetemeka, hata degedege, vyote vyaweza kuletwa na sukari iliyoshuka. Mgonjwa wa ubongo mwenye kisukari akibadilika ghafla, pima sukari kwanza. Ikiwa sawa naye bado amebadilika, hapo ndipo uhofie kichwa, na mwondoke haraka.

Ya kushika

Majibu ya maabara yalisema uvimbe haukuwa saratani. Pembe moja ya mshono ilichelewa kufunga, ikachukua wiki 5 na dawa za kuua vijidudu kabla ya kukauka. Jicho limepata nafuu kidogo, si kabisa. Mkono wa kushoto hushika kanga na fungu la mboga, lakini bado hauwezi kufunga kifungo. Atapigwa picha ya kichwa mara kwa mara kuhakikisha uvimbe hauoti tena. Mjomba alipopata habari zote alinyamaza, halafu akauliza kama mashine ile ya kuchoma kidole yaweza kupatikana na huko Kinole. Tukampelekea moja.

Mama unayesoma ukurasa huu, huenda nyumbani kwako hakuna uvimbe wa ubongo, nami nakuombea usiwepo kamwe. Lakini kama mna sukari, jiandae kabla ya siku ya shida. Andika kwenye karatasi moja majina ya dawa zote anazotumia mgonjwa wako, na vipimo vyake, na saa anazozimeza, pamoja na majani na vidonge vya kununua pembeni. Andika mwaka aliogunduliwa, na namba za sukari za wiki za karibuni. Iweke karatasi hiyo pamoja na kadi ya kliniki, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuifikia. Kichwa kinachouma kila alfajiri pamoja na kutapika, mkono unaolegea, kifafa cha ukubwani, usikubali viitwe sukari mpaka mtaalamu aseme hivyo.

Na siku utakapoketi mbele ya daktari wa upasuaji, awe wa ubongo au wa tumbo au wa uzazi, neno la kwanza kutoka kinywani mwako liwe hili: "Daktari, mgonjwa wangu ana sukari." Mficha maradhi, kilio humfichua. Afadhali afichuliwe na wewe mapema, kwa sauti ya kawaida, akiwa bado ameketi kwenye kiti karibu nawe.